Mjadala: Je, ruzuku za utafiti wa pamoja wa vifaa tiba zilazimishwe kubeba na mafunzo ya wahudumu?

Mwanzisha Mada

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa kina. Wafadhili wengi wa utafiti wa afya siku hizi hawapendi kuipa ruzuku taasisi moja peke yake. Hutaka vyuo vikuu, hospitali na kampuni za nchi mbili au tatu ziungane, ziandike andiko moja na zigawane kazi. Pendekezo langu ni kwamba ruzuku yoyote ya namna hiyo inayolenga kifaa kipya cha tiba isipitishwe mpaka theluthi ya fedha zake iwe imefungwa kwa ajili ya mafunzo ya watu watakaokitumia na watakaokitengeneza kikiharibika. Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walichapisha uchambuzi wa orodha za vifaa tiba zaidi ya 112,000 kutoka nchi 16, kwenye hospitali zenye uwezo mdogo, na wakakuta karibu asilimia 40 ya vifaa hivyo havifanyi kazi. Tukiendelea kuvumbua bila kufundisha, tunajaza stoo tu.

Mhandisi wa Vifaa

Napinga, na nitasema kwa nini. Kutoka kwenye kielelezo kinachofanya kazi juu ya meza hadi kifaa kinachoruhusiwa kuingia wodini kuna vipimo vya usalama, majaribio kwa wagonjwa, na kibali cha mamlaka ya udhibiti, na katika njia hiyo ndefu miradi mingi huishiwa fedha katikati. Ukichukua theluthi ya fungu, ambalo tangu mwanzo halitoshi, hakutakuwa na kifaa cha kumfundishia mtu yeyote. Mafunzo yana wenyewe, ambao ni vyuo na wizara za afya. Isitoshe, vifaa vingi ninavyoletewa karakana havikuharibika kwa kukosa semina. Viliharibika kwa sababu wauguzi hawafungui kitabu cha maelekezo.

Mkunga wa Zamu ya Usiku

Kaka Mhandisi, nimeirudia sentensi yako ya mwisho mara mbili nikitafuta kama ina maana nyingine, na sikuiona.

Katika hospitali niliyofanyia kazi tuliletewa kipasha joto cha watoto wachanga kupitia mradi wa pamoja wa vyuo viwili. Kitabu chake kilikuwa katika lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu wodini aliyeijua. Mkufunzi alikuja mchana mmoja, akawafundisha waliokuwa zamu, wakapigwa picha na kupewa vyeti. Sisi wa usiku tulikuwa tumelala nyumbani baada ya saa kumi na mbili za kazi, na hakuna aliyeturudia. Ndani ya miezi michache wawili kati ya waliofundishwa walikuwa wamehamishiwa idara nyingine. Siku kipimajoto cha ngozi kilipokatika waya wake, tuliambiwa kipuri kinatoka kwa mtengenezaji peke yake, na mradi ulikuwa umekwisha. Niambie ni ukurasa upi wa kitabu hicho ambao ningeufungua.

Mhandisi wa Vifaa

Dada Mkunga, sikusema wauguzi ni wavivu, na sipendi kuwekewa neno hilo mdomoni. Nimesema ninachokiona. Nimepokea mashine za kufyonza majimaji ambazo chupa yake iliachwa ikajaa mpaka maji yakaingia kwenye mota, ilhali alama ya kikomo imechorwa kwenye chupa yenyewe, na kuiona alama hiyo hakuhitaji lugha. Nimetumia miaka kumi na minne kufufua vitu vya aina hiyo, mara nyingi kwa vipuri nilivyonunua kwa fedha zangu, kwa hiyo uchungu wa kifaa kilichokufa naujua.

Mtafiti wa Kliniki

Naomba niingie hapa, kwa sababu utafiti ule wa 2011 uliotajwa mwanzoni haukuishia kwenye asilimia. Waandishi wake walitaja sababu kuu tatu, ambazo ni upungufu wa mafunzo, udhaifu wa usimamizi wa vifaa, na miundombinu mibovu, wakaona kwamba uhaba wa wataalamu ndio unaostahili kushughulikiwa kwanza. Mwaka mmoja kabla yake, Malkin na mwenzake Keane walikuwa wamechambua maombi ya matengenezo kutoka hospitali 60 katika nchi 11, wakakuta kwamba asilimia 72 ya vifaa vilivyokuwa vimesimama viliweza kurudishwa kazini bila kuagiza kipuri chochote kutoka nje. Maana yake, ndugu Mhandisi, ni kwamba watu wa fani yako ndio wanaokosekana, na pendekezo la mwanzisha mada linawahusu ninyi kuliko linavyowahusu wauguzi.

Lakini kuna jambo linaloniudhi zaidi, nalo ni dhana kwamba kifaa kikitoka kiwandani huwa hakina kosa, na kosa huanzia mikononi mwa mtumiaji. Kipima oksijeni cha kidoleni kilitokana na kazi ya Takuo Aoyagi huko Japani mwaka 1974, na leo hakuna chumba cha upasuaji kinachojiheshimu kisichokuwa nacho. Desemba 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba, pale kipimo hicho kilipoonyesha oksijeni ya kutosha, upungufu uliofichika ulikutwa kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi dhidi ya asilimia 3.6 ya vile vya wagonjwa weupe. Onyo la kwanza kuhusu rangi ya ngozi na kipimo hicho kwa wagonjwa mahututi lilikuwa limechapishwa tangu 1990. Kwa miaka thelathini muuguzi aliyefuata maelekezo neno kwa neno aliweza kumwacha mgonjwa bila oksijeni, na kosa halikuwa lake.

Mhandisi wa Vifaa

Daktari, kumtaja Aoyagi katika hoja hiyo si haki. Wazo lake la kutenganisha mapigo ya damu ya ateri na mwanga unaopita kwenye tishu nyingine ni mojawapo ya mawazo safi kabisa katika fani yetu. Kasoro ilitokana na watu waliochaguliwa kupimiwa wakati wa kusawazisha kifaa, na uchaguzi huo hufanywa na madaktari na wadhibiti sawasawa na wahandisi.

Mtafiti wa Kliniki

Sikumlaumu Aoyagi. Nimesema kwamba waliopimiwa walikuwa wachache na walifanana mno, na hilo ndilo utafiti wa pamoja unaofadhiliwa vizuri ungelizuia, kwa sababu hospitali zenye wagonjwa wa kila rangi zingekuwa mezani tangu siku ya kwanza.

Mhadhiri wa Uuguzi

Nakubaliana na Daktari, ila naona tumeruka haraka mno neno «mafunzo», kana kwamba sote tunaelewa ni kitu gani. Katika Hospitali ya Haydom, Tanzania, watafiti walifuatilia kozi ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga apumue. Waliofundishwa walifanya vizuri mbele ya mwanasesere wa mazoezi, lakini namna walivyowahudumia watoto halisi haikubadilika. Walipobadili mpango, mazoezi yakawa mafupi, ya mara kwa mara, palepale wodini, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua. Kwa hiyo theluthi ya ruzuku ikitumika kwa semina ya hotelini itakuwa imepotea kama ambavyo Mhandisi anahofia, na hapo nitasimama upande wake.

Mwanzisha Mada

Nashukuru, mwalimu. Hata hivyo tusisahau uzito wa jambo lenyewe. Asilimia 10 tu ya fedha za utafiti wa afya duniani huenda kwenye magonjwa ya asilimia 90 ya watu, na takwimu hiyo inatosha kuhalalisha masharti makali kwa wafadhili.

Mtafiti wa Kliniki

Takwimu hiyo inanukuliwa kila mahali, lakini sivyo ilivyoandikwa mwanzoni. Tume ya Utafiti wa Afya kwa Maendeleo, katika ripoti yake ya 1990, ilisema kwamba takriban asilimia 5 ya fedha za utafiti wa afya za mwaka 1986 zilielekezwa kwenye matatizo ya nchi zinazoendelea, wakati nchi hizo zilibeba asilimia 93 ya mzigo wa vifo vinavyozuilika duniani. Kauli ya kumi kwa tisini ilizaliwa baadaye kama ufupisho. Mizania ya leo si ile ya 1986, na hoja yako haiihitaji.

Mhasibu wa Miradi

Nimekuwa nikisoma nikisubiri mtu aguse fedha zenyewe, na hajatokea. Mnagombana kuhusu theluthi ya mafunzo bila kuuliza fedha hupita mikononi mwa nani. Kwa miaka mingi taasisi ya nje ya Marekani iliyopata ruzuku ya taasisi za taifa za afya za nchi hiyo iliruhusiwa kudai gharama za uendeshaji zisizozidi asilimia 8, wakati baadhi ya vyuo vikuu vya Marekani vilikuwa na viwango vilivyokubaliwa vya zaidi ya asilimia 50. Gharama za uendeshaji ndizo umeme, ulinzi, karakana, stoo ya vipuri na mshahara wa mtu kama Mhandisi. Mshirika mmoja anajengewa karakana na mwingine anapewa vyeti, kisha baada ya miaka mitano tunashangaa kwamba vifaa vimekufa upande mmoja tu.

Linganisheni mambo mawili yaliyotokea mwezi mmoja, Desemba 2010. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo cha kifua kikuu cha Xpert, ambacho mashine yake ya GeneXpert iliendelezwa kwa zaidi ya dola milioni 250 za fedha za umma. Haki zilibaki kwa kampuni, na mwaka 2012 wafadhili walilazimika kulipa tena ili katriji moja, yaani kichupa cha kufanyia kipimo kimoja, ishuke kutoka dola 16.86 hadi 9.98, na ilipofika 2023 ndipo ikashuka hadi 7.97. Mwezi huohuo chanjo ya uti wa mgongo ya MenAfriVac ilianza kutolewa Burkina Faso, Mali na Niger. Mradi wake ulianza 2001 kwa ruzuku ya dola milioni 70, na mapema ulikubaliana kwamba dozi isizidi senti 50 za dola; ndipo teknolojia ikapelekwa kwa Serum Institute, kampuni ya chanjo ya India, ambayo ilikuwa tayari kuifuata bei hiyo. Sharti liliwekwa kabla ya mtengenezaji kuchaguliwa, na likaheshimiwa.

Mhandisi wa Vifaa

Hoja ya karakana naikubali bila masharti, na nasikitika kwamba imebidi mhasibu aje kuisema. Lakini tazameni tulipofika. Tulianza na mafunzo ya watumiaji, sasa tuko kwenye umiliki na bei. Mkiniuliza kama ruzuku igharimie fundi na vipuri, jibu langu ni ndiyo. Mkiniuliza kama itoe theluthi kwa semina, bado ni hapana.

Mhadhiri wa Uuguzi

Kumbukeni pia kwamba njia ya fedha inaweza kubadilishwa. Mwaka 2010 Marekani ilitangaza mpango wa kushirikiana katika elimu ya utabibu, dola milioni 130 kwa miaka mitano, na fedha zikapelekwa moja kwa moja kwa vyuo 13 katika nchi 12 za Afrika, vyuo vya Marekani vikiwa washirika badala ya kuwa wapokeaji. Vyuo vyetu vilipanga vyenyewe nani afundishwe nini, na huko ndiko ningependa theluthi hiyo ipite.

Mkunga wa Zamu ya Usiku

Kaka Mhandisi, chupa ile ya mashine ya kufyonza niliwahi kuiacha ikajaa. Nilikuwa peke yangu na wanawake wawili wanaojifungua kwa wakati mmoja, na nilichagua kushika mtoto badala ya kushika chupa. Usipohesabu idadi yetu wodini, hata mafunzo ya mwalimu hapo juu hayatakuwa na mtu wa kuyapokea.

Mhasibu, nina swali moja kwako. Katika mikataba ya utafiti wa pamoja uliyoishughulikia, mwaka wa sita, mradi ukiwa umefungwa, mshahara wa fundi na vipuri vilikuwa kwenye kifungu kipi?

Mhasibu wa Miradi

Dada, nimefungua mafaili yangu kabla ya kukujibu. Mikataba tisa, na hakuna hata mmoja wenye kifungu hicho. Kilichopo katika yote tisa ni kifungu cha kukabidhi vifaa, ambacho hospitali huweka sahihi kwamba imepokea kila kitu kikiwa kizima na kwamba kuanzia siku hiyo matengenezo ni juu yake.