Tupeane uzoefu: Kaskazi imekaza Amu (Lamu), shule zimefungwa. Majini, jikoni na vichochoroni, nini hufanywa na nini huharibika?

Mwenye Uzi (Mkomani)
Assalaam aleikum wana wa Amu na wageni wenu. Jua ni hili, upepo wa kaskazi ni huu, na wajukuu wa Nairobi na Mombasa wameshamwagika kwa mabibi zao. Mpaka Machi jeti hazitulii: kuogelea Shela, kuvuka Manda, safari za mashua, harusi kila wiki. Naomba wanaozijua kazi hizi watupe namna zinavyofanywa. Sharti ni moja, hadithi za "siku moja mimi" tuziache barazani. Andika kipimo, hatua, na kosa linalorudiwa. Gari la zimamoto halipiti kichochoro cha punda wawili, na mgonjwa wa Kipungani akitoka kwa boti ana mwendo mpaka hospitali ya King Fahd. Anayefika kwanza ni jirani, na jirani afike akijua la kufanya.

Bamvu
Waalaikum salaam. Tuanze na maji, maana mengine yote huyafuata.

Tazama mwezi. Ukiandama na ukiwa mpevu, ni bamvu, yaani maji makuu: maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku sogeza mbele kama dakika 50. Ikifika siku ya saba au ya nane ni maji mafu, kujaa kumeshahamia saa nne au tano, na kimo hakitofautiani sana. Wakati wa bamvu kubwa bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3.

Sasa lile watu wasilolihesabu. Maji hayaondoki kwa mwendo mmoja. Gawa kimo chote mafungu 12: saa ya kwanza hushuka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Nusu ya maji yote huondoka katika saa mbili za katikati. Bamvu likijaa saa kumi alasiri, ukali wa kupwa ni saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku. Ndiyo magharibi hiyo, jua limepoa, watoto bado wamo majini mbele ya Shela, na mkondo unavuta kutoka mlango wa bahari kuelekea bahari kuu. Siku za bamvu ogeleeni kuanzia saa tisa na nusu, na saa kumi na moja kila mtoto awe mchangani.

Na jedwali la maji lililochapishwa huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Likiandika 1000 maana yake ni saa nne asubuhi yetu, si saa kumi. Kila msimu kuna anayekwama na mashua kwenye tope la Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, kwa kosa hili, akisubiri maji saa sita nzima na abiria wamemnunia.

Mwana wa Langoni
Ndugu Bamvu, ongeza la jetini. Watoto huruka kutoka jeti asubuhi kwa kimo kile kile cha jana alasiri.

Bamvu
Kweli. Palipokuwa na mita 3 za maji huweza kubaki maji ya magotini, na chini kuna mawe, vyuma na nanga za watu. Anayeongoza watoto ashushe kwanza kamba yenye jiwe, yenye fundo kila mita. Chini ya mita 3 hakuna kuruka kwa kichwa. Na asiruke mtu upande ambao boti zinafungia: kamba ya nanga hunasa mguu, na panga la injini halimwoni aliye chini.

Nahodha wa Mokowe
Habari za boti. Abiria haulizi leseni, bali ana macho. Kabla hujaingia tazama ubavu ulio juu ya maji. Ukiona umebaki chini ya shubiri mbili na watu bado wanapanda, chombo kimeshiba, ngoja kingine. Mkondo wa Amu asubuhi ni shwari, lakini adhuhuri kaskazi ikiamka, na maji yanajaa kuukabili upepo, mawimbi huwa mafupi na yamesimama. Chombo kilichokaa chini huyanywa.

Mzigo uwekwe chini na katikati. Magunia ya saruji mbele na watu nyuma ni kosa, pua huzama. Na ajali za boti za abiria hazitokei katikati ya mkondo pekee. Hutokea pia wakati wa kufika: chombo kinagusa jeti, wote wanasimama, wote wanaegemea upande mmoja ili washuke kwanza. Nahodha asifungue mdomo kusema "tumefika" mpaka kamba mbili zimefungwa, ya mbele na ya nyuma. Kisha wateremke mmoja mmoja, wa katikati kwanza.

Jaketi okozi: lazima livaliwe kabla ya kung'oa nanga. Kulikalia kama mto huponda sponji, na sponji iliyopondeka haielei. Libonye, likibaki na shimo la kidole, halifai tena. Soma kibandiko cha uzito. Kwa mtoto, lifunge kisha umwinue kwa mabega ya jaketi: likimpanda mpaka masikioni ni kubwa, litamvuka majini. La mtoto mdogo liwe na mkanda unaopita kati ya miguu. Usiku lifungwe filimbi, kwa sababu sauti ya mtu aliyekunywa maji haifiki mbali.

Panga Mbili
Nahodha kasahau injini. Mafuta hugawanywa mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi. Petroli ya madumu mara nyingi ina maji, basi ichujwe kwa kitambaa kizito, na dumu liachwe litulie kabla ya kumimina, la chini lote libaki. Chukua plagi moja ya akiba na spana yake. Ile kamba nyekundu ya kuzimia injini ifungwe mkononi, isining'inie kwa urembo: nahodha akitupwa nje, boti isiyozimika huzunguka na kumrudia yeye mwenyewe.

Injini ikizima mkondoni, tupa nanga kwanza, kisha ndio utafute ubovu. Watu huvuta kamba ya injini robo saa nzima huku mkondo unawapeleka nje ya Rasi Kitau.

Siti Dawa
Salaam kwa wote. Mimi niseme ya mwili.

Anayezama usimfuate kwa mikono mitupu. Mtupie dumu tupu la lita 20, kifuniko kimekazwa, limefungwa kamba ya mita 15 hivi. Kila jeti na kila baraza ya pwani ingekuwa nalo moja limetundikwa, gharama yake ni ya dumu na kamba tu. Ukikosa, nyoosha upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua.

Akitolewa hapumui: msimning'inize miguu juu, msimkamue tumbo. Maji ya tumboni si yanayomuua, na kumkamua humtapisha, matapishi yakaingia mapafuni. Mlazeni chali pahala pagumu, kichwa kirudi nyuma kidogo, kidevu kiinuliwe, pua ibanwe, apulizwe pumzi 5. Bado? Gandamiza katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, tena 30, tena 2. Kwa mtu mzima kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, kasi ni 100 hadi 120 kwa dakika. Mpokezane kila dakika mbili, mikono huchoka kabla hujajua. Hata akizinduka na kucheka, aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani mapafu yaliyoingia maji huweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hujifukia mchangani penye maji machache. Tembea kwa kuburuta miguu, ataondoka mwenyewe. Akichoma, tumbukiza mguu katika maji ya moto kadiri ya kuvumilika, yasiyozidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Anayeyapima awe mtu mwingine kwa mkono wake, kwa sababu mwenye maumivu atajiunguza asijue. Mwiba uliozama kifuani au tumboni usichomolewe. Kwa yavuyavu, yule mnyama laini wa baharini anayewasha, suuza kwa maji ya bahari, si ya bomba, na usisugue mchanga.

Joto: mtoto aliyeharisha au kucheza juani kutwa apewe maji ya lita 1 safi, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, na chumvi nusu kijiko. Chumvi ikizidi humkausha zaidi, basi onja kwanza; yakipita chumvi ya machozi, mwaga uanze upya.

Mwenye Uzi (Mkomani)
Siti, na maji ya birika, lile hodhi la nyumbani?

Siti Dawa
Chemsha au tia dawa. Wale samaki wadogo ambao wazee waliwafuga birikani hula viluwiluwi vya mbu, na hiyo ni hekima kubwa, lakini viini vya kuharisha hawavigusi.

Kuti Kavu
Sasa moto, ambao kaskazi ndio arusi yake. Nyumba ya mawe ya Amu ukuta wake hauwaki. Huwaka boriti za dari na makuti ya juu. Na majiko ya wengi yapo juu, karibu na hayo makuti. Cheche moja, upepo ukalibeba kuti linalowaka mpaka paa la tatu, na hapo huna moto mmoja tena, una mitatu.

Jiko la makaa likae angalau mita mbili kutoka ukingo wa paa la makuti, upande unaokwenda upepo, yaani kusini-magharibi wakati huu. Majivu yamwagiwe maji kabla ya kutupwa. Mtungi wa gesi usimame wima, penye hewa, chini, wala si kabatini. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye kichwa na kwenye mpira. Likitoa mapovu, gesi inavuja. Mpira uliopasuka au kukakamaa ubadilishwe, usifungwe kwa raba ya baiskeli. Gesi ikishika moto funga vali kwanza. Kikaango cha mafuta kifunikwe kwa kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, na zima jiko. Ukimwagia maji, mafuta huruka mpaka darini.

Paa likishawaka usipoteze ndoo kwenye lile lililokwisha. Nendeni la jirani, upande wa chini ya upepo, mlivue makuti. Kila mtaa uwe na pondo mbili za mita 4 au 5 zenye kulabu ya chuma, ngazi moja, na mapanga ya kukatia kamba. Mvuta makuti hasimami chini yake. Umeme uzimwe swichi kuu kabla ya mtu yeyote kushika ndoo. Ndoo ziende kwa mstari wa watu, zilizojaa upande mmoja na tupu upande mwingine, kwa sababu watu kumi wakikimbia na ndoo kichochoroni hugongana.

Pampu ndogo ya petroli husaidia sana. Ila pimeni kwa kamba kutoka ukuta wa pwani mpaka nyumba ya mwisho ya mtaa wenu, msikisie. Mipira mingi ya watu huishia Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji.

Mwana wa Langoni
Kuhusu habari na umati. Ukipiga 999 au 112, usiseme "nyumbani kwa fulani". Taja msikiti ulio karibu na jeti iliyo karibu, kisha mtu mmoja asimame jetini na taa. Msalaba Mwekundu ni 1199. Ujumbe wa kikundi cha simu uwe na mambo manne: wapi, saa ngapi, nini, na nani kaona kwa macho. Na saa iandikwe na "asubuhi" au "usiku". Ujumbe wa "boti imezama" usio na tarehe huzunguka miezi, na kila ukizunguka mama mmoja anakosa usingizi.

Siku za mbio uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome, hufurika. Mwandikieni mtoto nambari ya simu mkononi kwa kalamu ya wino mzito, na mmwoneshe mlango wa Ngome: ukipotea, simama hapa, usitembee.

Simile
Mimi na punda wangu kwa ufupi. Ukisikia "simile!" gusa ukuta, na mtoto awe upande wa ukuta. Usipande kizingiti, maana gunia la mchanga hupita kimo cha goti. Usipite nyuma ya punda anayeteremshwa mzigo. Kwa wenye punda: saa sita hadi saa tisa apumzike kivulini, na kwa joto hili anahitaji lita 10 hadi 25 za maji kwa siku. Gunia lililolowa huchubua mgongo, basi tia tandiko nene kavu chini yake. Kidonda cha mgongoni kipelekwe kwenye zahanati ya punda pale pwani, ipo tangu 1987.

Mwenye Uzi (Mkomani)
Shukran. Na mashindano ya madau?

Nahodha wa Mokowe
Boti ya kuokoa ikae chini ya upepo wa boya la kugeukia, maana hapo ndipo foromali, mti unaoshika tanga, hupinduliwa na hapo ndipo dau hulala. Nguvu za mtu aliyekaa nje kwenye ubao zinategemea tanga. Upepo ukikatika ghafla nyuma ya boti kubwa ya watazamaji, ubao unazama naye. Basi watazamaji wakae upande mmoja tu, chini ya upepo, mbali na njia. Mabaharia hawapendi jaketi, wanasema linawabana. Wapeni yale membamba ya povu, au wasiingie.

Bamvu
Kuti Kavu, pampu yako ina tatizo ambalo hujalitaja. Pampu hizo hazivuti maji kutoka chini zaidi ya mita 6 au 7, na mpira wa kuvutia ukiwa hauna vali ya chini yenye chujio, kila ukizima inabidi uijaze upya kwa ndoo. Tena bamvu likipwa, maji hukimbia ukuta, hubaki tope, na chujio huziba. Yaani saa nne usiku, wakati watu wanapika na kaskazi bado inavuma, huna bahari ya kuvuta. Siku zile tatu za mwezi mwandamo na tatu za mwezi mpevu, jazeni mapipa ya lita 200 saa kumi alasiri, maji yakiwa bado yanapiga ukutani. Manne kwa mtaa, yafunikwe, na pampu iwekwe karibu nayo ikiwa na mafuta.