Nimeshindwa kukubali kipigo cha Warriors katika mchezo wa saba, naombeni ushauri

Mkesha wa Kimara (mleta uzi), Jumanne 21 Juni 2016, saa 4 asubuhi

Wakuu, poleni na majukumu. Tangu jana alfajiri sijala chakula kikanishuka vizuri, na usiku nikifumba macho namwona Kyrie Irving wa Cleveland akitupa mpira juu ya mikono ya Stephen Curry wetu. Mimi ni shabiki wa Golden State Warriors, timu ya mpira wa kikapu ya NBA, ligi kuu ya Marekani, wala si wa kudandia mwaka jana walipotwaa ubingwa, bali niliwafuata tangu walipokuwa hawafiki hata hatua ya mtoano. Msimu huu walishinda michezo 73 na kupoteza 9, wakaivunja rekodi ya Chicago Bulls ya 72 kwa 10 iliyodumu tangu msimu wa 1995–96. Katika fainali, ambayo bingwa ni wa kwanza kushinda michezo minne, tuliongoza michezo mitatu kwa mmoja, na hapakuwa na timu iliyowahi kutoka katika shimo la namna hiyo ikatwaa ubingwa. Sasa ipo, inaitwa Cleveland Cavaliers, nayo imetufunga 93 kwa 89 nyumbani kwetu Oakland.

Nilitazama hadi sekunde ya mwisho. Karibu dakika nne nzima ubao ulisoma 89 kwa 89, na sisi hatukupata tena hata pointi moja. Halafu nikaingia zamu saa kumi na mbili kamili asubuhi, bila kulala.

Naomba ushauri kwa waliowahi kupitia hali hii: uchungu wa namna hii hutoka vipi, na nitarudije kazini Alhamisi nikatazamana na watu usoni? Nawasilisha.

Shabiki wa San Antonio

Pole sana, mkuu, ingawa wewe walau umefungwa ukiwa macho. Mwaka 2013, katika mchezo wa sita, San Antonio Spurs waliongoza kwa pointi tano zikiwa zimebaki sekunde 28, na kule Miami walishaanza kutandaza kamba ya njano kuuzunguka uwanja ili sherehe yetu ya kombe isivamiwe. Nilizima televisheni, nikaoga, nikapanda daladala la Mwenge nikiwatangazia abiria ambao hawakuniuliza kwamba sisi ndio mabingwa. Kumbe huku nyuma Chris Bosh wa Miami ameokota mpira uliogonga pete, akampasia mwenzake Ray Allen aliyekuwa akirudi kinyumenyume kuelekea kona, naye akafunga pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde 5.2. Tulifungwa 103 kwa 100 katika muda wa nyongeza, na mchezo wa saba nao ukatuponyoka, 95 kwa 88. Kondakta wa daladala lile aliniita "bingwa" hadi nilipohamia Tegeta. Ushauri wangu ni kusubiri mwaka mmoja, kwa sababu mwaka 2014 tuliwafunga Miami hao hao michezo minne kwa mmoja na nikapona siku hiyo hiyo.

Daku la Unguja

Mwaka huu fainali zimeangukia ndani ya Ramadhani, kwa hiyo sisi huku Unguja hatukuhitaji kengele ya kutuamsha saa tisa usiku. Tulikula daku mbele ya televisheni, na adhana ya alfajiri ikatukuta katika robo ya nne, vinywa vimeshafungwa. Ilipobaki dakika moja na sekunde hamsini, Curry akampasia mwenzake Andre Iguodala, mpira ukapanda kuelekea kikapuni, na LeBron James wa Cleveland akatokea nyuma kama mtu aliyerushwa na upinde, akaubandika kwenye kioo. Nilitamani maji ya kutuliza moyo na sikuwa na ruhusa ya kuyanywa. Ndipo nilipoujua uzito wa swaumu. Kwa maoni yangu Iguodala alipaswa kudunki, yaani kuruka na kuusokomeza mpira kikapuni kwa mkono.

Mama wa Tabata

Poleni nyote na vikapu vyenu. Mimi nina swali dogo kwa mleta uzi. Mchezo umeisha Jumatatu alfajiri, nawe Jumatatu hiyo hiyo uliingia zamu. Sasa hiyo Alhamisi ya kurudi kazini imetoka wapi?

Mkesha wa Kimara

Asanteni kwa pole zenu. Mama wa Tabata, nilipewa ruhusa ya siku tatu na mkuu wa idara baada ya kuniona hali yangu si nzuri. Hilo si jambo la msingi katika uzi huu.

Mwalimu wa Kikapu

Tuache porojo, tujadili sababu. Warriors hawakufungwa Jumapili ile kule Oakland, walianza kufungwa Draymond Green alipofungiwa mchezo wa tano kwa kumpiga LeBron sehemu isiyotajika mbele ya watoto. Katika mchezo huo LeBron na Irving walifunga pointi 41 kila mmoja, na Andrew Bogut, mlinzi mrefu wa Warriors, akaumia goti, lango likabaki bila bawabu. Ndiyo maana katika mchezo wa saba Festus Ezeli wa Warriors alijikuta anamkaba LeBron mbali kabisa na kikapu, akamchezea faulo LeBron akitupa kutoka mstari wa pointi tatu, na muda mfupi baadaye akatupiwa nyingine tatu usoni. Harrison Barnes naye alipata mitupo mitano kati ya 32 katika michezo mitatu ya mwisho. Green alifunga 32, akaokota mipira 15 na kutoa pasi 9 za mwisho, lakini hiyo ilikuwa toba iliyochelewa.

Kila ninapomtazama Curry, humkumbuka kijana wetu Hasheem Thabeet. Mwaka 2009, timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, Thabeet alichaguliwa wa pili na Memphis, Curry akachaguliwa wa saba. Nilikuwa nawafundisha vijana pale Upanga wakati huo, na kwa wiki nzima kila mtoto mrefu aliyepita njiani alisimamishwa na kupewa mpira. Siku hizi watoto wote, warefu kwa wafupi, wanataka kutupa kutoka katikati ya uwanja.

Mama wa Tabata

Mwalimu, umesema vizuri, lakini mimi sijajibiwa. Mkuu wa idara hatoi siku tatu kwa sababu ya macho mekundu. Mkesha, ulimwambia nini?

Mkesha wa Kimara

Sawa, Mama. Nitasema, ila naomba nisihukumiwe kabla sijamaliza.

Jumatatu dada mmoja tunayefanya naye kazi aliniona macho yamevimba, akaniuliza kama nina msiba. Nilimjibu, "Tumepoteza, dada, tumepoteza," na huo haukuwa uongo, kwa kuwa ni kweli tulikuwa tumepoteza. Akauliza ni nani. Hapo nilikuwa na nafasi ya kueleza, lakini aibu ya mtu mzima mwenye watoto wawili kuulilia mpira wa kikapu ilinishika, nikasema ni baba mdogo. Akauliza marehemu alikuwa na umri gani, na kwa kuwa tangu mwezi wa nne kichwani mwangu kuna namba moja tu, nikasema sabini na tatu.

Kabla ya saa nne habari ilikuwa imeenea jengo zima. Mfuko wetu wa kufa na kuzikana ulitoa rambirambi, wengine wakaongeza mifukoni mwao, nikakabidhiwa bahasha yenye shilingi 185,000 na ruhusa ya siku tatu. Sasa wanataka kukodi basi dogo Jumamosi waje kuhani.

Nimekwisha kuamua kuwaambia kwamba mazishi yamefanyika Kigoma na tanga limeanuliwa. Sioni kosa kubwa hapo, kwani nimeuchangia mfuko ule kila mwezi kwa miaka sita na sijawahi kufiwa.

Mzee wa Barazani

Nimeusoma uzi huu mara mbili nikidhani miwani yangu ina kasoro. Kijana, unamtaja marehemu mtu aliye hai, tena ndugu wa baba yako, halafu unalalamika kwamba hujawahi kufiwa? Fedha ile imetoka kwa mfagizi na mlinzi ambao huenda siku hiyo walitembea kwa miguu kurudi nyumbani. Mimi nilipofiwa na mama mwaka 1994, jirani ambaye tulikuwa hatusalimiani alileta debe la mahindi na akakaa nasi siku zote tatu, na tangu siku ile tukawa ndugu. Rambirambi haigusiwi mzaha. Na huyo baba mdogo yuko wapi?

Mkesha wa Kimara

Yupo Kigoma, Mzee, na ana afya kuniliko mimi. Fedha nayo ipo, isipokuwa shilingi 40,000 nilizolipia deni la king'amuzi. Deni hilo lilitokana na fainali hizi hizi, kwa hiyo kwa namna fulani zimetumika ndani ya msiba.

Mwana wa Oklahoma

Mwezi uliopita sisi mashabiki wa Thunder tuliongoza michezo mitatu kwa mmoja dhidi ya Warriors hao hao. Klay Thompson wenu akafunga pointi tatu mara 11 katika mchezo wa sita, jumla pointi 41, mkatutoa, na humu jukwaani mkatucheka hadi asubuhi. Sikumbuki mtu aliyetuletea bahasha.

Hesabu Kali

Samahanini, lakini nahisi tunanyweshwa chai. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni hiyo sabini na tatu. Mtu mwenye uchungu hawezi kujibu namba inayolingana barabara na ushindi wa timu yake. Hiyo ni kauli ya mtu aliyekaa akatunga. Ya pili ni saa. Mchezo ulianza saa tisa usiku kwa saa zetu na ukaisha baada ya saa kumi na moja na nusu. Mleta uzi anasema alitazama hadi sekunde ya mwisho, na anasema pia aliingia zamu saa kumi na mbili kamili. Kutoka Kimara hadi mjini hata anayepaa hafiki kwa muda huo akiwa ameoga na kuvaa.

Shabiki wa San Antonio

Hesabu Kali ana hoja. Hata mimi nilijiuliza kuhusu hilo basi dogo la Jumamosi, kwa sababu ofisi ninazozijua mimi hutuma mwakilishi mmoja na barua.

Daku la Unguja

Iwe chai au maji ya kunywa, swali la Iguodala bado halijajibiwa. J.R. Smith alikuwa pembeni yake akimsumbua, ndiyo maana aliukunja mpira chini kidogo kabla ya kuuachia, na upenyo ule ndio LeBron aliupata. Angeruka moja kwa moja na kudunki, leo Mkesha hana msiba.

Mwalimu wa Kikapu

Angedunki, angeumia. Mtu aliyecheza dakika nyingi vile akiwa na mgongo unaouma hadunki mbele ya watu wawili.

Mkesha wa Kimara

Nimevunjika moyo kuitwa mwongo, ingawa natambua kwamba katika suala hili sina pa kusimamia sana.

Hesabu Kali, nilikuwa sijasema kwamba niliondoka nyumbani saa kumi na moja na robo, robo ya nne ikiendelea, na nikaimalizia kwenye simu ndani ya basi la mwendokasi nikiwa nimesimama. Mabasi yale yameanza mwezi uliopita na yana njia yake, hayajui foleni, na ofisi yetu haiko mbali na kituo. LeBron alipouzuia ule mpira tulikuwa tunaikaribia Ubungo. Irving alipofunga, mlango ulikuwa wazi na watu wanaingia. Mmoja wa walioingia ni huyo dada ninayemsema. Hakuniuliza ofisini, aliniuliza mle ndani ya basi, mbele ya abiria, machozi yakinitoka. Sikutaka kuandika kwamba nililia hadharani. Sasa nimeandika.

Mzee wa Barazani

Kama ni kweli ulilia ndani ya mwendokasi, basi adhabu umeshaanza kuitumikia. Mpigie baba yako mdogo kabla hajapigiwa na wengine.

Hesabu Kali

Maelezo ya basi nayapokea. Ya sabini na tatu bado nayashikilia.

Mkesha wa Kimara, Jumatano 22 Juni, saa 4 usiku

Leo Cleveland wameingia barabarani na kombe lao. Hawakuwa na ubingwa wa mchezo wowote mkubwa tangu 1964, kwa hiyo nimejizuia kuwaonea kijicho, na sikufanikiwa sana.

Nimempigia baba mdogo, nikamweleza yote kuanzia Iguodala hadi bahasha. Alinyamaza muda mrefu nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza zimepatikana shilingi ngapi. Nilipomtajia, akasema ana miaka 61, kwa hiyo nimemzeesha miaka 12 bila ridhaa yake, na kwa kuwa aliyekufa ni yeye, nusu ya fedha ile ni haki yake, itumwe kabla sijairudisha popote. Sikuweza kujua kama anatania, kwa sababu alinitumia namba ya simu ya kutumia fedha ambayo tayari ninayo.

Hesabu Kali

Nusu ya 185,000 ni 92,500, nawe una 145,000. Ukimtumia marehemu, utabaki na 52,500 mkononi na pengo la 132,500 ofisini. Sina tena hamu ya kuuliza kama ni chai, kwa sababu baba mdogo wa namna hiyo nami ninaye.

Mama wa Tabata

Usimtumie mtu yeyote chochote. Azima 40,000 kwa mkeo, bahasha irudi ikiwa kamili. Huyo dada wa Ubungo hupanda basi la saa ngapi?

Mkesha wa Kimara

Saa kumi na moja na dakika arobaini hivi, Mama. Husimama mlango wa kati.

Mama wa Tabata

Basi kesho simama hapo hapo, uanze na yeye.