Beitikasta kwa ajili ya besi: ninunue ufito na rili gani, na narushaje bila mshipi kuvurugika?

MwanaGilgil

Salamu wanajamvi. Kwetu ni Gilgil, ila kwa sasa niko Dallas, Texas, nafanya kazi ya ghala zamu ya usiku. Tukipata mapumziko tunaenda Lake Fork na wenzangu wawili kuvua samaki aina ya besi. Mpaka leo natumia rili ya kawaida, ile inayoning'inia chini ya ufito, spuli (gurudumu lililozungushiwa mshipi) imetulia na mshipi unachomokea mbele. Kwenye maji wazi haina neno. Taabu ni kwamba lile ziwa walilijaza maji bila kung'oa miti yote, kwa hiyo magogo yamesimama kila mahali, na pembeni kuna majani ya haidrila. Besi akishika tu anakimbilia gogo, anazunguka, na mshipi wangu wa paundi 8 unakwenda.

Wenzangu wana beitikasta, zile rili za juu ya ufito ambazo spuli yenyewe huzunguka wakati wa kurusha. Wao wakimshika samaki wanamtoa kichakani kabla hajajua kinachoendelea. Niliazima ya mmoja wao, nikarusha, na mshipi ukajaa ndani ya rili fundo juu ya fundo. Tuliufumua mpaka jua likawa kali.

Bajeti ni dola 200, ufito na rili pamoja. Mkono wangu ni wa kulia. Niangalie nini? Na Desemba naenda nyumbani, ningependa niifikishe Naivasha.

Kibuyu77

Ndugu, unajitafutia gharama. Toa huo mshipi wa paundi 8, weka wa kusuka wa paundi 30 kwenye rili hiyo hiyo, ongeza ufito mgumu kidogo, umemaliza. Mimi niko Minnesota, besi wa huku nawatoa kwenye majani kwa rili ya chini na sijawahi kulala njaa. Beitikasta ni mashauzi ya vijana wa mashindano.

BintiPangani

Kibuyu hajasema uongo, nusu ya tatizo la kijana ni huo mshipi mwembamba. Lakini Minnesota na Fork ni maji mawili tofauti. Huku unarusha chambo cha nusu aunsi au zaidi katikati ya matawi, na samaki akishika unatakiwa umgeuze kichwa papo hapo. Rili ya chini inaupitisha mshipi kwenye kigurudumu kidogo, unakata kona, ndipo uingie kwenye spuli. Ukivuta kitu kizito ile kona inakula nguvu yako. Rili ya juu inavuta kwa mstari mmoja. Kwa chambo chepesi, mnyoo wa mpira mtupu usio na chubwi, mimi mwenyewe nashika rili ya chini na sioni haya. Basi mwanangu, hiyo yako ya zamani usiiuze.

Naendesha basi la shule Longview, na Fork si mbali na hapa, kwa hiyo visiki unavyovisema navijua kwa majina. Nakupa yangu.

Nunua ufito kwanza akilini, rili ifuate. Watu huanza na rili kwa kuwa inang'aa. Wewe tafuta ufito wa futi 7, nguvu ya kati-nzito, unaopinda sehemu ya juu tu huku chini ukibaki mgumu. Juu kidogo ya kishikio pana maandishi madogo ambayo wateja hawayasomi: uzito wa chambo na nguvu ya mshipi. Unataka uliosema robo aunsi mpaka aunsi moja, au karibu na hapo, na mshipi wa paundi 12 mpaka 20. Hiyo namba ya chini usiitegemee sana. Ufito wa namna hii huanza kufanya kazi kweli kuanzia tatu ya nane ya aunsi; chini ya hapo ncha haipindi wakati wa kurusha, unaanza kutumia bega, na bega ndilo linalovuruga mshipi. Nakuhakikishia zaidi ya nusu ya wanaoilaani beitikasta walianza na chambo chepesi mno.

Rili: chukua ya umbo la chini, inayoenea kiganjani, gia ya 7 kwa 1 na ushee. Maana yake ukizungusha mkono mara moja, spuli inazunguka mara saba. Kuna za 5 kwa 1, hizo ni za kuburuza vile vyambo vya kupiga mbizi vyenye mdomo wa plastiki, vinavyochosha mkono. Kuna za 8 na zaidi. Ya 7 inatosha, kwa sababu kazi yako kubwa itakuwa mnyoo wa mpira na jigi, ile ndoana yenye kichwa cha risasi. Hapo ufito ndio unaochezesha chambo, rili inakusanya tu mshipi uliolegea, na besi akija upande wako mbio unaweza kumfuata. Usitishwe na idadi ya beringi iliyoandikwa kwenye boksi, hiyo ni ya kuuzia. Angalia breki. Kwa anayeanza napendelea za sumaku zenye kizungusho nje ubavuni, unapunguza na kuongeza bila kufungua kitu, hata vidole vikiwa na maji. Abu Garcia, Daiwa, Shimano, Lew's, wote wana rili za kueleweka katika bei yako ukigawanya dola 80 kwa ufito na 120 kwa rili. Nenda dukani uishike. (Kuna mzee gatini kwetu bado anatumia Ambassadeur 5000 nyekundu, ile ya duara ya Waswidi iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1950. Inalia vizuri kuliko redio yake. Lakini wewe usianzie huko, ni nzito.)

Sasa mkono. Hapa kuwa makini, maana rili ya chini unahamisha mkono wa kuzungushia kulia au kushoto utakavyo, ila hii huwezi. Ukishanunua, ndiyo hiyo. Wamarekani wengi wanaorusha kwa kulia wananunua yenye mkono wa kulia pia: wakisharusha wanahamisha ufito kwenda kushoto, kisha wanazungusha kwa kulia. Ni mazoea ya tangu zamani tu. Wewe umezoea rili ya chini, bila shaka unazungusha kwa kushoto. Basi nunua ya mkono wa kushoto, ufito usihame. Besi wengi hushika chambo kinapozama tu, wakati ambao wenzako bado wanabadilisha mikono.

Ukifika nyumbani usiende ziwani. Nenda uwanjani kwenye nyasi na chambo cha plastiki cha mazoezi cha nusu aunsi, kisicho na ndoana. Kwanza kaza skrubu ndogo iliyo upande wa mkono wa rili. Bonyeza kitufe cha kuachia: chambo kishuke chenyewe polepole, na kikigusa ardhi spuli isimame hapo hapo. Ikiendelea kuzunguka, kaza zaidi. Breki ya sumaku peleka karibu na mwisho. Utarusha karibu, ndiyo, hiyo ndiyo nia.

Ujue ugomvi unatoka wapi. Chambo kinaondoka kwa kasi, kisha hewa inakipunguza. Spuli haina habari, inaendelea kuzunguka kwa kasi ya mwanzo na kumwaga mshipi usio na wa kuuvuta. Huo mshipi wa ziada ndio unaojifunga. Breki inasaidia mwanzo wa safari, mwisho wake ni wa kidole gumba. Liache gumba liguse spuli kwa wepesi mno wakati chambo kiko hewani, na kabla hakijagusa maji ukandamize mpaka isimame. Wengi wanasahau hilo la mwisho: chambo kimetua, spuli inazunguka, na wao wanatazama mawimbi. Nimekulia Pangani, kaka zangu wakivua kwa mshipi wa mkono, unapita juu ya kidole cha shahada na kidole ndicho kinachokuambia kama ni samaki au mwamba. Beitikasta inataka kidole cha aina hiyo hiyo.

Na geuza kifundo cha mkono unaporusha, mkono wa rili yako ya kushoto utazame chini, si ubavuni. Utaona inakwenda laini. Usirushe kwa hasira.

MwanaGilgil

Shikamoo mama, nisamehe sikuanza na salamu. Nimeelewa kushoto, asante sana, ningenunua ya kulia kwa kuwaiga wenzangu. Mawili yamebaki: mshipi upi, na ukishavurugika nafanyaje? Mwenzangu alikata wote kwa kisu.

BintiPangani

Marahaba mwanangu.

Kisu ni cha mwisho. Usivute kwa nguvu, utakaza mafundo. Rili ikiwa imefungwa, kandamiza spuli kwa gumba kwa nguvu zako zote na zungusha mkono wa rili kama mara mbili tatu huku umekandamiza. Kisha bonyeza kitufe, vuta mshipi taratibu. Vile vitanzi vilivyojikunja vinalala chini na mara nyingi vinatoka. Ukikwama, tafuta kitanzi kilichojitokeza, kivute kwa ukucha, rudia. Kufanya hivyo tulia, kaa kitako.

Mshipi wa kujifunzia ni nailoni ya paundi 14 au 15. Ni rahisi bei na laini. Flurokaboni ni nzuri kwa mnyoo na jigi kwa kuwa inazama na haionekani sana, ila ikivurugika inabaki na mikunjo, na pale penye mkunjo ndipo inapokatika siku ya samaki mkubwa. Ihamie kidole kikishatulia. Wa kusuka, paundi 50, ni wa chura wa mpira, chambo cha umbo la chura, juu ya haidrila, na hapo hakuna mjadala, unakata majani kama msumeno. Lakini usiufunge moja kwa moja kwenye spuli. Chuma ni laini, mshipi wote unazunguka kwa pamoja juu yake na utadhani dragi, ile breki inayomwachia samaki mshipi akivuta, imekufa. Tanguliza mizunguko kadhaa ya nailoni.

Usijaze spuli mpaka ukingoni. Wakati wa kujifunza ijaze kama nusu hivi, ikiwa nyepesi inatii breki haraka. Halafu rusha mbali uwezavyo, vuta tena mshipi kidogo, bandika kipande cha utepe wa gundi juu ya ule uliobaki, urudishe wote. Hata uharibike vipi, hautaharibika kupita hapo. Paliponata ukishapazoea, toa.

Na pima samaki wako. Fork, besi wa inchi 16 mpaka 24 harudi na wewe nyumbani, anarudi majini. Wenye umri wa miaka 17 na kuendelea wanatakiwa wawe na leseni. Askari wa wanyamapori hapa anakuja na boti yake kimya kimya.

Kibuyu77

Kwa chura nakubali. Kwa mengine nabaki Minnesota na rili yangu.

KapteniKaragita

Nimesoma yote. Mimi ni nahodha wa boti hapa Naivasha, nabeba watalii na wavuvi wa burudani. Ndugu MwanaGilgil, vifaa hivyo vya Fork vitakufaa hapa kuliko unavyodhani. Tangu maji yapande sana mwaka 2020, migunga iliyokuwa nchi kavu imesimama ziwani imekauka, na besi wanakaa chini yake. Ukichanganya na mafunjo na gugumaji linalotembea na upepo, hapa mshipi wa paundi 8 ni kulisha ziwa vyambo.

Besi wetu asili yake ni huko huko uliko, waliletwa 1929. Hawafikii wale wa Texas kwa ukubwa, usije na matarajio ya picha za magazeti. Chakula chao kikubwa ni kamba wekundu wa maji baridi, nao ni wa Marekani, waliachiliwa ziwani 1970. Kwa hiyo leta jigi na minyoo ya rangi ya kahawia na nyekundu iliyofifia, na chubwi za robo na tatu ya nane ya aunsi, hivyo havipatikani kirahisi hapa. Vyambo vya kupiga mbizi vyenye ndoana tatu tatu viache, utaviacha kwenye miti.

Upepo ndio mtihani. Asubuhi ziwa ni kioo, mchana linachafuka. Ukirusha beitikasta kuelekea upepo, chambo kinasimama hewani na spuli inaendelea, mama amekwishaeleza. Mimi nawaambia wageni wangu waongeze breki ya sumaku, warushe chini chini, mrusho wa ubavuni, au niigeuze boti upepo uwe mgongoni. Tunatoka saa kumi na mbili na nusu, na saa tano tunakuwa tumerudi.

Kwa ndege nunua ufito wa vipande viwili na uuweke kwenye bomba gumu la plastiki. Rili weka kwenye begi unalopanda nalo, legeza dragi. Leseni ulizia ofisi ya uvuvi mjini kabla ya kuingia majini. Na kama unafikiria kuvua ukiwa ukingoni kwa miguu, acha. Viboko wanalala kwenye mafunjo hayo hayo unayotaka kurushia.

MwanaGilgil

Kapteni, mama, Mungu awabariki. Nimeagiza ya mkono wa kushoto, 7.3 kwa 1, na ufito wa futi 7 wa vipande viwili. Kapteni, nikufungie minyoo ya urefu gani, inchi sita au saba?

KapteniKaragita

Sita. Na pakiti moja ya nne, kwa siku ambazo hawataki kitu.