TV ya kuongea nayo au rimoti ya kawaida?

Mwana_Luanda: Wakuu, namnunulia mama TV mwisho wa mwezi. Nimeona mbili hapa Kisumu. Moja ni Google TV, rimoti yake ina kitufe cha maikrofoni. Nyingine ni dijitali ya kawaida, bei nafuu. Nichukue gani?

Fundi_Kondele: Inchi ngapi? Bajeti? Kwa mama kuna WiFi? Hujasema kitu, ndugu yangu.

Kiamunyi58: Chukua LG yenye Magic Remote. Unaielekeza tu, kimshale kinafuata mkono. Kuongea na TV ni uvivu.

NyarKisumo: @Kiamunyi58 kwako kila swali jibu ni LG 😂 Mwana, mimi nilinunua ya sauti. Miezi miwili raha tupu. Halafu mtoto wa shemeji akatumbukiza rimoti kwenye karai la nguo. Nikaenda sokoni, jamaa akaapa anayoniuzia ni ile ile, na kweli maikrofoni ilikuwa imechorwa. Nyumbani inawasha, inazima, inaongeza sauti. Nikibonyeza niongee, kimya. Kumbe ni ya infraredi tu. Niliporudi akaniambia labda naongea polepole!

Fundi_Kondele: Infraredi ni mwanga, haibebi maneno yako. Sauti hupitia Bluetooth, na rimoti ya Bluetooth lazima uiunganishe na TV kwanza.

Omwami_Mbale: Halafu maneno yenyewe yanapitia intaneti. Bando ikiisha, hiyo maikrofoni ni pambo.

Mwana_Luanda: Samahani, nilisahau. WiFi hakuna, labda hotspot yangu nikienda nyumbani. Shida ni macho, mama ana mtoto wa jicho na vitufe havioni. Anaongea Kinyore na Kiswahili. Anachotaka ni taarifa ya saa moja tu.

NyarKisumo: Si ungeanza na hayo! Yangu nikiiambia kwa Kiswahili inahangaika. Juzi nimeomba muziki wetu wa ohangla, ikaniletea Ohio.

Kiamunyi58: Ohio 😂😂

Omwami_Mbale: Chukua ya kawaida, ubandike plasta kwenye kitufe cha kuwasha na cha sauti. Marehemu mzee wangu alikuwa anapapasa tu, na hakuwahi kukosa habari.

Fundi_Kondele: Rimoti nyingi zina kidoti kwenye 5. Aanzie hapo, namba nyingine atazizoea.

NyarKisumo: Lakini jamani, mtoto wa jicho si hutolewa? Kutoka Luanda ya Vihiga hadi hospitali ya macho ya Sabatia ni mbali?

Mwana_Luanda: Si mbali. Anaogopa kisu.

Omwami_Mbale: Hata shangazi yangu aliogopa hivyo hivyo. Bandeji ilipotolewa, neno la kwanza lilikuwa, "Kumbe hii nyumba imekuwa chafu hivi?" Wakaza mwana hawajamsamehe hadi leo.

Kiamunyi58: Akishaona vizuri, LG.

Fundi_Kondele: Inchi ngapi sasa?