Mjadala: Ujerumani imekwisha kimichezo, au tunahesabu vibaya?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni shabiki wa wanamichezo wa Ujerumani wa miaka mingi, na si wa mpira peke yake. Nafuatilia riadha yao, kikapu, kuogelea, hata michezo ya sleji za barafuni ambayo wengi wetu tunaiona kwenye runinga tu. Kila yakipita mashindano makubwa nakutana na kauli ileile: Ujerumani imekwisha, vijana wao wamedekezwa, hawana njaa tena. Naomba leo tulijadili hili kwa hesabu.

Naanza na yale nisiyoyabishia. Olimpiki ya Barcelona 1992 walipata medali 82, dhahabu 33, wakawa wa tatu. Rio 2016 zilikuwa 42, dhahabu 17. Tokyo zikashuka hadi 37, na Paris 2024 zikawa 33, dhahabu 12, nafasi ya 10. Riadha ndiyo iliyoniuma kuliko yote. Mashindano ya dunia ya Budapest 2023 walirudi nyumbani bila hata shaba moja, jambo ambalo halijawahi kuwapata tangu mashindano hayo yaanze mwaka 1983. Kwenye mpira, mabingwa wa dunia wa 2014 walitolewa hatua ya makundi mwaka 2018, na 2022 wakatolewa tena hatua hiyohiyo.

Kushuka kupo. Ninachokataa ni maelezo yanayobandikwa juu yake.

Maelezo yanayopendwa ni ya watoto. Shule za Ujerumani zina siku ya michezo ya kila mwaka: watoto wanakimbia, wanaruka, wanatupa kimpira, wanapewa cheti kulingana na pointi. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2023/24 madarasa ya chini yalipunguziwa ule upimaji wa sentimita na sekunde. Shirikisho la mpira, DFB, nalo likaondoa misimamo ya ligi kwa watoto wadogo, wakawa wanacheza wachache kwa wachache kwenye magoli madogo. Watu wakasema hapo ndipo taifa lilipojimaliza. Lakini mtoto aliyekuwa na miaka minane mwaka 2023 hakuwa uwanjani Kazan siku Korea Kusini inawafunga 2-0 mwaka 2018, wala hakurusha mkuki Budapest. Tatizo lilitangulia, mabadiliko ya watoto yakafuata. Na wakicheza watatu kwa watatu kila mtoto anaugusa mpira, hata yule mnyonge ambaye zamani alisimama pembeni dakika zote.

Hoja yangu ni kwamba Ujerumani haijapoteza uwezo, imepoteza upana. Tazameni Olimpiki ya majira ya baridi, Beijing 2022. Michezo ya sleji ilikuwa na dhahabu 10, Ujerumani ikachukua 9. Sababu haijifichi: nchi moja ilijijengea njia nne za barafu, Altenberg, Oberhof, Winterberg na Königssee, ina mafundi wa kutengeneza sleji na makocha wa kudumu. Sasa njooni Paris. Kati ya zile dhahabu 12, nne zilitoka kwenye farasi na mbili kwenye kayaki. Nusu nzima! Yaani penye vifaa na kocha anayelipwa wanashinda kama kawaida. Penye kijana na viatu vyake tu ndipo wanapoyumba.

Riadha Paris iliwapa dhahabu moja, ya Yemisi Ogunleye kwenye tufe. Mliiona? Maddison Wesche wa New Zealand alikuwa anaongoza kwa mita 19.86. Ogunleye akabaki na mtupo mmoja wa mwisho. Akaingia kwenye duara, akajizungusha, tufe likaenda mita 20.00 kamili. Huyo ni binti wa baba Mnigeria na mama Mjerumani, na hapo ndipo penye jambo la pili linalonikera.

Wanaoibeba bendera ile sasa ni watoto wa familia za aina hiyo. Malaika Mihambo, bingwa wa Olimpiki na mara mbili wa dunia kwenye mruko mrefu, baba yake anatoka Zanzibar. Dennis Schröder, nahodha wa kikapu, mama yake ni wa Gambia. Leo Neugebauer wa dekathloni, yaani mashindano ya matukio kumi, baba yake ni wa Cameroon. Wakishinda ni Wajerumani wa kupigiwa makofi, wakishindwa unasoma matusi ya asili zao. Mesut Özil alijiuzulu timu ya taifa mwaka 2018 akilalamikia jambo hilohilo. Kabla ya Euro 2024 kura ya maoni iliyoagizwa na kituo cha WDR ilionyesha kuwa asilimia 21 ya waliohojiwa wangependa timu ya taifa iwe na wachezaji weupe zaidi. Mchezaji Joshua Kimmich na kocha wa timu hiyo, Nagelsmann, waliikemea hadharani, nami nawaheshimu kwa hilo. Anayetafuta kinachoiangusha Ujerumani aanzie hapo kabla ya kuwasaka watoto wa darasa la pili.

Naomba kuwasilisha. Karibuni.

Mchangiaji, Moshi

Mkuu, umeandika vizuri lakini umelikwepa swali moja. Uholanzi ina watu takriban milioni 18. Ujerumani ina zaidi ya milioni 80. Paris Uholanzi ilipata dhahabu 15 na medali 34. Jirani mdogo amekupita kwa dhahabu na kwa jumla! Hapo huwezi kusema tunahesabu vibaya.

Na njaa ni kitu halisi. Rudia kuangalia marathoni ya wanaume, Tokyo, tarehe 15 Septemba 2025. Amanal Petros wa Ujerumani anaingia uwanjani, yuko mbele, mstari anauona. Alphonce Simbu wetu anamfuata mita kwa mita, anampata pale pale kwenye utepe. Wote wakaandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, ikabidi waamuzi watazame picha. Tofauti ilikuwa sehemu tatu za mia ya sekunde. Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza kabisa ya mashindano ya dunia ya riadha. Mimi sikukaa kwenye kiti siku ile. Ukiniuliza nini kilimsukuma Simbu mita zile za mwisho, nitakujibu ni njaa ya kulitoa taifa kimasomaso.

Mleta mada

Ndugu yangu wa Moshi, mbio zile nilizitazama nikiwa upande wa Simbu, damu ni nzito. Ila umechagua mfano unaokugeuka. Petros alizaliwa Eritrea, akafika Ujerumani akiwa kijana mdogo bila wazazi wake, akaanza maisha upya kwa lugha asiyoijua. Huwa anakuja kujifua Iten, Kenya, huku huku kwetu kwenye vumbi jekundu. Mtu huyo utamwambia hana njaa?

Na Simbu ni mwanajeshi wa JWTZ. Ana ajira inayomruhusu kufanya mazoezi. Ujerumani nayo inawaajiri wanamichezo wengi jeshini kwa njia hiyohiyo, na medali zao nyingi zinatoka kwa askari hao. Sisi wenyewe tunajua wakimbiaji wangapi wenye vipaji walikuwa na njaa ya kweli kabisa, ya tumboni, na hawakufika popote. Kilichowafikisha waliofika ni mshahara, kocha na mtu wa kuwalipia nauli ya ndege.

Kuhusu Uholanzi umenipata pagumu, na sitaki kulizunguka. Wao wanamichezo wao wengi bora wanawekwa pamoja Papendal, karibu na Arnhem: kocha, daktari, uwanja, malazi, vyote sehemu moja. Mkimbiaji wao Femke Bol alikulia kimichezo pale. Ujerumani ni majimbo 16, kila jimbo na vituo vyake, kila shirikisho linavutia kwake. Fedha zipo, zimetawanyika.

Mchangiaji, Eldoret

Ndugu zangu wa Tanzania, hongereni kwa Simbu, alitufanya majirani tujivunie pia. Nataka kugusa ile 82 ya Barcelona, maana mleta mada ameipita haraka mno na ndiyo mzizi wa mjadala wote.

Mwaka 1992 ulikuwa mara ya kwanza Ujerumani kushiriki Olimpiki ya kiangazi ikiwa moja tangu Mashariki na Magharibi ziungane. Wanariadha wengi walikuwa wamelelewa na mfumo wa Ujerumani Mashariki. Miaka minne kabla, kule Seoul, Ujerumani Mashariki peke yake ilichukua medali 102, dhahabu 37, ikaipita Marekani, na ilikuwa nchi ya watu milioni 16 hivi. Leo tunajua ilivyofanyika. Serikali yenyewe ilikuwa na mpango wa siri wa dawa. Wasichana wadogo walipewa vidonge vya Oral-Turinabol, homoni za kujenga misuli, wakaambiwa ni vitamini. Heidi Krieger, bingwa wa Ulaya wa tufe mwaka 1986, alilishwa homoni nyingi tangu akiwa kijana, na leo anaishi kama mwanamume, Andreas Krieger, akisimulia wazi yaliyomkuta. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin iliwatia hatiani Manfred Ewald, aliyekuwa mkuu wa michezo, na daktari Manfred Höppner.

Kwa hiyo anayeililia 82 ajue analilia nini. Mimi natoka kwenye mji wa wakimbiaji, na dawa zimetuumiza sisi pia. Ruth Chepngetich alikimbia marathoni ya Chicago kwa 2:09:56 mwaka 2024, tukacheza barabarani. Mwaka uliofuata akafungiwa miaka mitatu. Ilituuma. Sitaki nchi yoyote irudi kwenye medali za namna ile, heri 33.

Mchangiaji, Leipzig

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mama, naishi Ujerumani na mwanangu anacheza mpira kwenye chama cha mtaani, timu ya wasiozidi miaka tisa. Niwaeleze ninachokiona Jumamosi.

Viwanja vidogo vinne vimechorwa kwa koni, magoli madogo, hakuna refa. Mechi zinakuwa fupi, kisha timu zinahama kiwanja. Hakuna msimamo unaobandikwa ukutani, ni kweli. Lakini muulizeni mtoto yeyote njiani kurudi nyumbani, atawaambia wameshinda ngapi, nani kafunga, na nani kamnyima pasi. Hawa watoto wanahesabu kila kitu. Anayesema wamefundishwa kutojali ushindi hajawahi kupanda nao tramu baada ya kufungwa.

Shida niliyoiona mimi ni nyingine. Kocha wao ni mzee mstaafu anayejitolea. Alipougua goti, timu ilikaa wiki kadhaa bila mazoezi kwa sababu hakuna mzazi aliyekuwa na nafasi, na mimi nikiwemo, kazi yangu ni ya zamu. Bwawa la kuogelea la jirani lilifungwa kwa ukarabati, likakaa hivyo muda mrefu, na watoto wa kuogelea wakagawana saa chache kwenye bwawa la upande wa pili wa mji. Michezo ya nchi hii inasimama juu ya watu wa kujitolea, na watu hao wanazeeka.

Kuhusu rangi, mleta mada, Mungu akubariki kwa kulisema. Mwanangu ana picha ya Mihambo juu ya kitanda chake.

Mchangiaji, Mombasa

Mimi kwangu Ujerumani ni mpira, hayo ya farasi mniachie. Na mpira wameshuka, kwisha. Septemba 2025 wamefungwa 2-0 na Slovakia kwenye mechi za kufuzu Kombe la Dunia! Zamani Ujerumani haikupoteza mechi ya ugenini ya kufuzu, ilikuwa haijawahi kabisa. Vijana wazuri wapo, Musiala na Wirtz, lakini namba tisa wa kuogopwa hayupo tangu Klose aiage timu ya taifa mwaka 2014.

Mleta mada

Wa Mombasa, Slovakia sikubishii, na la namba tisa nakuunga mkono. Ila mechi ya marudiano, Novemba ya mwaka huohuo, waliwafunga 6-0 Leipzig wakafuzu. Na mwaka uleule Schröder na wenzake walichukua ubingwa wa Ulaya wa kikapu pale Riga, juu ya ule wa dunia waliouchukua Manila 2023 baada ya kuwatoa Wamarekani 113-111 kwenye nusu fainali. Taifa lililokwisha halichukui hayo mawili.

Mama wa Leipzig, umenifundisha jambo. Tunasema sana kuhusu vituo vya mabingwa, kumbe shina ni yule mzee wa goti. Mimi ningeanza kwa kumlipa. Mwanamichezo wa Ujerumani aliyeshinda dhahabu Paris alipata euro 20,000 kutoka mfuko wa Sporthilfe, na anastahili. Ila aliyemfundisha akiwa na miaka minane alipata shukrani tu.

Nimalizie na Tokyo 2025, miaka miwili baada ya sifuri ya Budapest. Mihambo fedha, Petros fedha, Merlin Hummel fedha kwenye nyundo, wasichana wa kupokezana vijiti shaba. Na Neugebauer dhahabu. Alikuwa nyuma kabla ya tukio la tisa, akarusha mkuki mita 64.34, mbali kuliko alivyowahi kurusha maishani, akaongoza, kisha akajikokota mita 1,500 hadi mwisho. Pointi 8,804, ishirini tu juu ya wa pili. Medali tano si nyingi kwa nchi ile, nakubali. Lakini zimetoka kwenye mbio, miruko na mitupo, kulekule walikosema pamekufa.

Mchangiaji, Moshi

Medali tano kwa watu milioni 80, mkuu, bado hujanishawishi. Dhahabu moja, na ya pili aliikosa kwa kifua cha Mtanzania. Lakini la kumlipa kocha wa watoto nalichukua, na nitalipeleka kwenye uzi wa riadha ya kwetu, maana Simbu ni mmoja na nyuma yake simuoni wa pili.