Korongo, genge, poromoko: sehemu za Nyari ya Marafa ziitweje?

Kiongozi wa Marafa:
Asalaam aleikum jamaa. Natayarisha karatasi moja ya Kiswahili ya kuwapa wanafunzi wanaokuja kutembea Nyari, kule Marafa. Iliyopo sasa inasema "bonde" kila mahali: chini bonde, ukutani bonde, hata ile migongo myekundu iliyochongoka nayo bonde. Nataka majina ya sehemu, kuanzia pale wanaposimama juu mpaka chini kabisa. Matembezi hayo yanaendelea hadi kwenye rasi ya nguzo ya Vasco da Gama mjini Malindi, na wengine hufika Shela, kisiwani Lamu, kwa hiyo huko nako nahitaji msaada. Ukitaja neno, litaje na umbo lake, mtoto alione akiwa amesimama hapo hapo.

Mchora Ramani:
Waaleikum salaam. "Bonde" halifai kwa sababu bonde ni pana, lina pande za kuteremka polepole na mara nyingi watu hulima ndani yake. Bonde la Ufa lina haki ya jina hilo: ardhi ilikatika ikashuka, likabaki eneo kubwa katikati. Nyari imechimbwa na maji ya mvua, ni nyembamba na kuta zake zimesimama. Hilo ni korongo.

Anza juu. Ardhi tambarare unayofikia kwa gari ni uwanda. Pale uwanda unapokatika ghafla ni ukingo. Chini ya ukingo kuna ukuta, na kutoka ukutani hutokeza migongo myembamba inayoingia kati ya korongo. Mgongo ukikatwa na maji pande zote ukabaki kipande kimesimama peke yake, hiyo ni nguzo. Maji yanayoshuka ukutani huanza na michirizi isiyozidi upana wa kidole, michirizi ikakutana ikawa mitaro, mitaro ikakutana chini kwenye sakafu ya korongo. Waonyeshe watoto mfululizo huo kwa mkono, maana wote unaonekana mahali pamoja.

Waeleze pia kwa nini iko hivyo. Mawe ya pale ni mchanga ulioshikamana kwa ulegevu, tabaka juu ya tabaka: nyeupe, waridi, rangi ya machungwa, nyekundu. Wekundu unatokana na kutu ya chuma. Tabaka gumu kidogo likibaki juu, hulikinga lile laini lililo chini yake, nguzo ikasimama. Kifuniko hicho kikidondoka, nguzo huliwa haraka. Baada ya mvua wainamishe waangalie mchanga wa sakafuni: kokoto moja imekaa juu ya kijinguzo cha mchanga kifupi kuliko kidole, na pembeni yake kote mchanga umechotwa na matone. Kazi ni ile ile iliyochonga nguzo kubwa, na mtoto akiona hiyo haelezwi mara ya pili.

Maji Mafu:
Kwa upande wa bahari, neno lako ni genge, wingi magenge: jiwe lililosimama wima. Lakini usiandike "Genge" peke yake kwenye karatasi ya wanafunzi. Kijana wa Kenya leo atasoma kundi la wahuni au aina ya muziki. Andika "genge la mwamba wa matumbawe".

Jiwe la rasi ile ni matumbawe ya kale, yaliyoota chini ya maji wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Bahari iliposhuka yakabaki nchi kavu. Sasa mawimbi yanalila genge kwa chini, kwenye kimo ambacho maji hupanda na kushuka kila siku, na kwa bamvua kubwa, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Kwa chini kunatokea tundu refu la kuingia ndani, kwa juu kunabaki mdomo ulioning'inia. Mdomo huo ndio unaovunjika, kwa vipande vikubwa. Watoto wasipumzike kivulini chini yake, na juu wasisogee mpaka mwisho, kwa sababu ukiwa juu huoni kama chini kuna kitu.

Jingine: kwa wavuvi "mwamba" ni ule wa baharini unaofunikwa maji yakijaa. Ukiliandika kwa jiwe la nchi kavu, liongezee maelezo.

Kiongozi wa Marafa:
Shukrani sana. Na poromoko? Mwalimu mmoja anasema poromoko na genge ni mamoja.

Mchora Ramani:
Si mamoja, na kwa usalama wa watoto ni vizuri kuyatenganisha. Genge limesimama. Poromoko ni pale palipoporomoka, au mteremko mkali ambao kitu hakikai. Nyari, lile lundo la mchanga na mabonge chini ya ukuta ndilo poromoko. Likiwa jipya, rangi za mabonge bado hazijachanganyika na hakuna jani lililoota. Ukiona hivyo, tazama ukuta ulio juu yake, kwa sababu kipande cha jirani kimebaki bila egemeo.

Ongeza neno ufa kwenye karatasi yako. Ufa unaokwenda sambamba na ukingo una maana kipande chote cha mbele kimeshaanza kuachana na uwanda. Kikundi kisimame nyuma ya ufa, mita 3 au zaidi, hata kama ufa ni mwembamba kiasi cha kupitisha kucha tu.

Bint wa Shela:
Huku kwetu ni matuta ya mchanga, au vilima vya mchanga. Usitumie "fungu", hilo ni la mchanga wa baharini unaotokeza maji yakipwa. Tuta lina pande mbili, na maneno ya mabaharia yanatosha. Joshini, unakotoka upepo, mteremko ni wa polepole na mchanga umeshikana. Demanini, mchanga unamwagika kutoka juu na kukaa kwa nyuzi 30 hadi 34. Ukizidisha hapo, unaporomoka wenyewe. Katikati ya pande hizo ndipo mgongo wa tuta ulipo. Pandeni kwa upande wa polepole, mguu hauzami.

Tafadhali andika kwamba matuta haya huchuja maji ya mvua na kuyahifadhi chini, na visima vya mji wa Lamu vinayategemea. Mimea inayotambaa juu ndiyo inayoushika mchanga, ikikanyagwa upepo wa kusi unachimba shimo hapo hapo. Watoto wapite kwa mstari mmoja.

Mchora Ramani:
Kwa walimu watakaobeba ramani: mistari ya kontua, ile inayounganisha mahali penye kimo kimoja, ikisongamana, hapo ni ukuta au genge. Ikijikunja kama herufi V na ncha ikaelekea ardhi ya juu, ni korongo. Ncha ikielekea chini, ni mgongo.

Marafa shukeni alasiri, si mchana. Joto la sakafuni ni kali na upepo haufiki, tena jua likilala ndipo vivuli huonyesha kila mgongo peke yake. Kila mtoto awe na lita moja na nusu ya maji. Mvua ikinyesha siku hiyo, somo lifanyike ukingoni, nyuma ya ufa, maana udongo wa njia ya kushukia huteleza na mitaro hujaa kwa muda mfupi.