Vifaa vya kumfanya mvuvi aonekane usiku ziwani: tununue kipi kwanza?

KatibuWaOmena (Kisumu)

Wanajukwaa, hamjambo. Mimi ni katibu wa kikundi cha wavuvi wa omena (dagaa wa Ziwa Victoria) hapa Kisumu. Wanachama wamekubaliana kutenga sehemu ya akiba yao kununua vifaa ambavyo mtu huvivaa mwilini ili aonekane akianguka majini usiku. Majaketi ya kuokolea maisha tunayo, ingawa si mapya. Shida yetu ni kuonekana, kwa maana mtu anaweza kuelea salama karibu kabisa na mtumbwi, na wenzake wakampita bila kumwona, hasa usiku wa giza usio na mbalamwezi, ambao ndio usiku wetu wa kazi kwa kuwa omena hawaifuati taa vizuri mwezi ukiwa umewaka.

Maoni ni mengi na yanapingana. Wapo wanaotaka tununue vizibao vya riflekta vya waendeshaji bodaboda, kwa sababu vinapatikana kila duka na bei yake inavumilika. Wapo wanaotaka taa ndogo za kufunga begani. Mwanachama mmoja ana ndugu yake Uingereza ambaye amejitolea kututumia kifaa kimoja cha kuita msaada kupitia setilaiti. Naomba wenye ujuzi watushauri kabla pesa hazijatoka, kwa maana zikishatoka sijui zitarudi lini.

NahodhaWaMbita

Bwana Katibu, nakupongeza kwa kuuliza mapema. Nianze na vizibao vya bodaboda, kwa kuwa ndivyo vinavyowavutia watu kwa bei.

Kizibao kile kimetengenezewa mtu aliyeketi juu ya pikipiki, na tepe zake zimezunguka kifua na tumbo. Mtu akiwa majini, kifua na tumbo vyote vimezama, na kinachobaki juu ni kichwa, shingo na sehemu ya mabega, tena mawimbi yakiinuka hata hivyo hufichika. Kwa hiyo tepe uliyoilipia iko chini ya maji, ambako hakuna tochi itakayoifikia. Tepe inayomfaa mvuvi ni ile iliyo kwenye mabega, kwenye kola ya jaketi na, ikiwezekana, kwenye kofia. Ningeongeza kipande kimoja cha kufunga kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu mkono ulioinuliwa ndicho kitu cha juu kabisa alicho nacho mtu anayeelea.

Jambo la pili ni tepe yenyewe inavyofanya kazi ikilowa. Tepe nyingi za bei rahisi zina chembe ndogo za kioo zilizo wazi juu ya kitambaa, na chembe hizo huurudisha mwanga zikiwa kavu, lakini zikifunikwa na utando wa maji mng'ao wake hupungua sana. Tepe za vyombo vya majini hutengenezwa kwa namna nyingine: chembe zake zimefungiwa chini ya ngozi ya plastiki, au badala ya chembe kuna miche (prizimu) midogo mno ya plastiki, na zikilowa huendelea kung'aa. Ukizikagua kwa karibu utaona zimegawanyika vijumba vidogo vinavyofanana na sega la nyuki. Usikubali maneno ya muuzaji peke yake. Chukua kipande, kilowanishe kabisa, mpe mtu asimame nacho mbali gizani, kisha ukimulike. Kama kimefifia, kirudishe dukani.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini lilitoa mwongozo kuhusu tepe hizi mwaka 1989, nao unataja vipande vya sentimita 5 kwa 10, vikiwekwa sehemu kadhaa nje ya jaketi na ndani pia, kwa sababu jaketi laweza kuvaliwa likiwa limegeuzwa. Sisi wa mitumbwi hatujafikia mambo ya meli kubwa, lakini kipimo hicho ni kizuri kukifuata.

Tena wajulishe wanachama wote jambo hili: tepe huurudisha mwanga kule kule ulikotoka. Anayeona vizuri ni yule ambaye tochi yake iko karibu na macho yake. Ukimpa mmoja tochi aishike kiunoni huku mwingine akitazama kutoka upande wa pili wa mtumbwi, yule anayetazama atauona mng'ao kidogo tu au asiuone kabisa. Tochi ya kuvaa kichwani inafaa kuliko zote, na kila mtumbwi uwe nayo.

FundiStima_Kisumu

Nakubaliana na mzee wa Mbita kuhusu tepe, ila naona ni hatari kuitegemea peke yake, kwa maana tepe haisemi lolote mpaka kuwe na mtu aliyeielekezea tochi. Taa humtangaza mtu hata kwa asiyejua kwamba kuna anayetafutwa. Ndiyo maana majaketi ya meli huwekwa vyote viwili.

Kiwango cha kimataifa cha taa ya jaketi kinadai mwanga mweupe usiopungua kandela 0.75 (kandela ni kipimo cha nguvu ya mwanga) kwa muda wa angalau saa 8, na kama ni taa ya kuwaka na kuzima, basi iwake mara 50 hadi 70 kwa dakika. Usiku mkavu usio na ukungu, mwanga wa namna hiyo huonekana kutoka umbali unaozidi kilomita moja. Ni mwanga mdogo kuliko wa tochi ya simu, lakini huenda pande zote, wakati tochi huelekea upande mmoja tu na aliyeishika anapepesuka na mawimbi.

Kwa ziwa letu nasisitiza taa ya kuwaka na kuzima. Simama pale ufuo wa Dunga usiku wa giza utazame upande wa ziwa: taa za wavuvi wa omena zimetapakaa kote, nyeupe, zimetulia, zote za umbo moja. Mtu akianguka na taa nyeupe isiyowaka na kuzima, wenzake watadhani ni taa ya mtumbwi mwingine ulio mbali, au taa iliyowekwa ielee majini kuvutia omena. Tena taa hizo zinazoelea hupotea na kuibuka mawimbi yakipita mbele yake, lakini huibuka bila mpango. Taa ya uokozi huwaka na kuzima kwa mpigo mmoja usiobadilika, na jicho lililozoea ziwa huutambua mpigo huo upesi.

Kuhusu maji kuingia, tafuteni alama ya IP. Yenye 7 mwishoni imejaribiwa kwa kuzamishwa mita moja kwa dakika 30, na yenye 8 imejaribiwa zaidi ya hapo kwa kadiri mtengenezaji alivyoandika. Yenye 4 huhimili manyunyu tu, basi iacheni. Zipo pia taa zinazojiwasha zenyewe betri yake ikiguswa na maji. Nyingine kati ya hizo zilibuniwa kwa ajili ya bahari, na chumvi ndiyo huisaidia betri kufanya kazi, wakati maji yetu hayana chumvi. Someni maelezo yaliyoandikwa kwenye pakiti, kisha mjaribu moja ndani ya ndoo ya maji ya ziwa kabla hamjaagiza nyingi, mkijua kwamba taa nyingi za aina hiyo zikishawaka hazitumiki tena.

MamaMshonaji

Mimi hushona na kukarabati majaketi ya maboti, kwa hiyo niongeze kidogo tu. Mkinunua tepe ya majini msiitoboe katikati kwa sindano. Kila tundu la sindano hufungua vile vijumba alivyovitaja nahodha na maji huingia, kipande kikageuka cheusi. Pitisheni uzi pembezoni tu, tena uwe uzi wa nailoni, maana wa pamba huoza. Jaketi la kujaza hewa lisiguswe na sindano kabisa. Hilo hutiwa gundi inayoshauriwa na mtengenezaji wake.

Rangi nayo izingatiwe. Kizibao cha rangi ya njano iliyokaribia kijani hung'aa vizuri barabarani, lakini kwenye ghuba yetu, gugumaji likishatanda kutoka ufuoni hadi mbali, mtu aliyevaa rangi hiyo huchanganyika na majani asubuhi wanapomtafuta. Chungwa kali haliko kwenye gugumaji wala kwenye maji. Rangi hizi kali hupauka kwa jua, kwa hiyo majaketi yasianikwe juu ya mitumbwi mchana kutwa kama tunavyoona yakianikwa.

KiongoziWaWatalii_Nakuru

Mimi siko ziwani, kazi yangu ni kuongoza watembeaji milimani, ikiwa ni pamoja na bonde la volkeno la Menengai, lakini vifaa ni vile vile na nimeona hakuna aliyetaja filimbi. Sauti ya mtu anayepiga mayowe hukauka baada ya muda mfupi, na aliyemeza maji hawezi kupiga mayowe kabisa, wakati filimbi huhitaji pumzi kidogo tu. Chagueni ya plastiki isiyo na kijipira ndani, kwa sababu kijipira kikilowa hunata na filimbi haitoi sauti.

Sisi hutumia utaratibu wa milimani unaojulikana kimataifa: mipigo sita ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, kisha unaanza tena, aliyesikia hujibu kwa mipigo mitatu. Taa hutumika kwa hesabu hiyo hiyo. Faida ya kile kimya ni kwamba anayepiga hupata nafasi ya kusikiliza jibu, na anayetafuta hupata nafasi ya kugeuza sikio mpaka ajue sauti inatoka wapi, jambo ambalo Menengai ni gumu kwa sababu kuta za bonde huirudisha sauti. Ziwani hakuna kuta, lakini kuna injini. Wanaotafuta lazima wazime injini kila baada ya muda na wanyamaze wote, la sivyo filimbi itapigwa bure.

Mchana, kioo kidogo kisichovunjika hushinda taa zote kwa umbali. Nyoosha mkono, tenganisha vidole viwili, weka boti unayoilenga katikati ya vidole, kisha geuza kioo mpaka mwanga wa jua uguse vidole hivyo; wakati huo unawafikia walio kwenye boti.

KatibuWaOmena (Kisumu)

Ndugu zangu, na mama yetu mshonaji, ahsanteni sana. Nimewasomea wanachama na tumeshakubaliana kuviacha vizibao vya bodaboda. Yamebaki maswali mawili. La kwanza, pesa hazitoshi kununua kila kitu kwa kila mtu, je, tuanze na nini? La pili ni kile kifaa cha setilaiti.

NahodhaWaMbita

Bwana Katibu, nianze na la pili. Kifaa hicho ni cha kweli na kimeokoa watu wengi duniani. Hupeleka ishara kwa masafa ya megahezi 406 kwenye setilaiti za mfumo uitwao Cospas-Sarsat, ulioanzishwa na Kanada, Ufaransa, Marekani na Muungano wa Kisovieti, na ambao uokoaji wake wa kwanza ulifanyika mwaka 1982. Kikiwashwa hutuma ishara kwa angalau saa 24. Lakini ishara hiyo haiendi kwa jirani yako aliye mita mia mbili kutoka ulipo. Hupokelewa na vituo vya mbali, hupelekwa kwa kituo cha uratibu, kisha ndipo chombo kitafutwe cha kuja ulipo. Kwa anayevuka bahari kuu peke yake, hilo ndilo tumaini lake. Kwetu sisi, anayekuokoa ni mtumbwi ulio karibu, nao hauna mashine ya kuipokea ishara ile. Mkipewa bure kipokeeni, hakikisheni kimesajiliwa kwa jina la kikundi na nambari ya simu ya mtu aliye nchi kavu, kisha kikae na nahodha wa mtumbwi unaokwenda mbali zaidi. Kisipunguze hata shilingi moja ya pesa za tepe.

Sasa la kwanza. Filimbi na tepe zianze, kwa kila mwanachama bila kumwacha hata mmoja, halafu tochi ya kichwani kwa kila mtumbwi. Taa zifuate kwa kadiri pesa zinavyopatikana, mkianza na wale wanaofanya kazi kwenye ukingo wa mtumbwi wakati wa kuvuta wavu, kwa maana hao ndio huanguka.

Sababu yangu ya kutanguliza tepe ni hesabu ya usiku wenyewe. Hapa kwetu giza huingia baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni na mwanga hurudi karibu na saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mtu akianguka saa mbili usiku na kuwasha taa ya saa 8, itazima saa kumi alfajiri, na bado ana saa mbili na zaidi za giza. Maji ya ziwa letu si ya barafu, aliyevaa jaketi anaweza kuwa bado hai wakati huo, na tepe itakuwa ingali inafanya kazi. Fundi ana haki kuhusu uwezo wa taa, nami sipingi. Nasema tu kwamba taa isiwe kisingizio cha kuacha tepe.

FundiStima_Kisumu

Hesabu ya mzee ni sahihi, na utaratibu huo naukubali. Taa zenu zikiwa za betri kavu, zitoeni betri kila mnapopumzika msimu wa mbalamwezi, kwa sababu betri zikivuja huharibu chuma cha ndani na taa haitawaka siku ya haja. Kabla ya kushuka majini kila jioni, nahodha aagize kila mmoja awashe taa yake na kupuliza filimbi mara moja. Kamba ya filimbi na ya taa iwe fupi, itoshe kufika mdomoni tu, na ifungwe upande wa ndani wa jaketi, kwa sababu kamba ndefu inayoning'inia hunaswa na wavu wa omena wakati wa kuvuta, na yaweza kumvuta mtu majini.